Msiikate "alinambia": kwa wadogo zangu wanaopiga makala za mizimu na majini

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja kazini aliniletea rasimu ya makala yake ya video ya Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku. Dakika ya kwanza: ngurumo, mwezi mwekundu, kisha popo mkubwa anapita polepole angani. Nikamwambia asimamishe hapo hapo. Yule popo namjua. Ni popo wa Pemba, mla matunda, anayelala mchana juu ya miti ya Kidike, kisiwani Pemba, na hapatikani kokote duniani ila kisiwa kile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kuwindwa, mpaka watu wa vijiji walipoanza kumlinda akaongezeka tena kwa maelfu. Leo unambandika ushetani kwa sababu ana mabawa? Kosa hili nimeliona tangu enzi za kanda, na kila kundi jipya linaingia nalo. Basi kaeni tuongee, maana nawapenda na mnanichosha.

1. Kiumbe asiyeonekana msimtafutie sura. Waulizeni walioishi hofu ya Popobawa ya mwaka 1995. Wengi hawatawaeleza popo. Watawaeleza harufu kali, uzito kifuani, sauti inayogoma kutoka. Kilichoonekana ni watu: familia nzima zimetoa mikeka nje usiku, zimekaa kuzunguka moto, hakuna anayetaka kurudi chumbani. Hiyo ndiyo picha yenu. Hofu ile ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam, na Oktoba ya mwaka huo huo Zanzibar ikaingia kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Wapo wanaoyafunga mambo hayo mawili pamoja, wapo wanaokasirika ukiyataja kwa pumzi moja. Wote waingie. Tena Unguja kundi la watu lilimuua mgonjwa wa akili likimdhania ndiye Popobawa. Mkishalijua hilo, ngurumo za kupakua mtandaoni mtaziona aibu wenyewe.

2. Maiki ya kifuani, kila mara. Upepo wa pwani hauna huruma.

3. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilikuwa na miaka michache tu kazini. Tulikwenda kijiji kimoja cha Pemba, upande wa Wete, nikamhoji mvuvi mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, wa kwanza kuulizwa neno barazani. Mnajua Popobawa anasemwa kufanya nini hasa: kuwaingilia watu kwa nguvu, hata wanaume. Mnajua pia kwamba inasemwa aliyefikwa asipowatangazia wengine, atarudiwa. Kwa hiyo habari zile hupita mdomo hadi mdomo, na mwanamume anayezisema hupima kila neno. Mzee wangu akasema: "Jirani yangu, Mungu amrehemu, alinambia: nilishindwa hata kunyanyua mkono, nikalia kama mtoto." Akaendelea hivyo dakika mbili, kwa maneno ya marehemu, kama tunavyosimulia sote.

Wakati anasema "jirani yangu alinambia", pikipiki ilipita nyuma yetu. Sauti ikaharibika. Usiku, kwenye taimulaini ya kuhariria, nikaikata ile sekunde tano. Nikaanzia "nilishindwa". Ikatoka safi, yenye uchungu, uso umejaa fremu. Nililala nimefurahi.

Makala ikarushwa. Wiki ya pili mwanawe akanipigia simu, sauti ya chini kabisa: "Kaka, baba haendi tena baraza." Sikuelewa mpaka nilipoitazama upya kama mtu asiyejua lolote. Kiswahili hakina huruma hapo: ukiliondoa "alinambia", ile "ni" ya "nilishindwa" inarudi kwa anayesema. Nilikuwa nimemvika mzee wa watu fedheha ya mtu mwingine mbele ya nchi nzima.

Nikapanda boti na rashi zote, zile picha ghafi kabla ya kukatwa. Nikamwomba mwanawe awaite wazee, nikawachezea mahojiano yote, pikipiki na yote. Hakuna aliyecheka. Mzee akanitazama muda mrefu, akasema: "Mwanangu, nilikupa maneno ya marehemu uyahifadhi. Mbona umenitwisha mimi?" Sikuwa na jibu, nikaomba radhi pale pale mbele yao. Tulirekebisha ile makala, lakini ya zamani ilikwishasambaa kwenye simu za vijana, na sijui njia ya kuirudisha. Mzee alirudi barazani baada ya miezi. Kila Idi nampigia. Huniuliza watoto hawajambo, na kila nikikata simu huzuni ile hunirudia.

4. Simulizi zikipingana, msizipatanishe. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, kwa mmoja kauawa na mwanawe, kwa mwingine na mpwawe. Ile sindano ya shaba kitovuni ipo kwa wote. Kwenye magofu ya Pujini, Pemba, mtaambiwa mtawala wake Mkama Ndume aliwabebesha watu mawe huku wakijiburuta kwa makalio, kisha mtaoneshwa kisima chenye ukuta katikati na kusimuliwa wivu wa wake wawili. Anayesimulia atajwe, na toleo libaki lake.

5. Kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, lakini ruhusa ya kuingia hutoka kwa wazee. Ukiambiwa vaa kaniki, vaa. Ukiambiwa kamera ibaki nje, ibaki. Na droni msirushe juu ya mahali penye vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu. Kwa Wagiriama vigango vimeibwa kwa miaka mingi na kuuzwa Marekani kama mapambo. Viwili vya familia moja vilipatikana kwenye makumbusho huko kwa sababu mtafiti alikuwa na picha yake ya 1985 vikiwa vimesimama mahali pake, na 2007 familia ikakabidhiwa. Picha ile ilisaidia. Yenu ikionesha njia, kijito na mbuyu wa kugeukia, itamsaidia mwizi. Pigeni karibu, ficheni mazingira.

6. Rashi hazifutwi. Kamwe.

Na wewe wa popo: Jumatatu niletee mahojiano ya yule bibi wa Chake Chake yote, tangu "shikamoo" mpaka alipovua maiki. Katika rasimu yako anasema "nilimwona". Nataka kusikia alichosema kabla ya hapo.