Ukitaka Historia ya Cobh, Anza na Utani

Nilipoanza kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao huko Cobh, mji wa bandari katika Kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi, nilitaka kuijua historia ya mji, nikaitafuta kwa njia mbaya kabisa. Nilifungua daftari na kuuliza, "Maisha ya zamani yalikuwaje?" Nikajibiwa kwamba yalikuwa magumu, nikakaribishwa chai, na mazungumzo yakaishia hapo. Ninawaandikia wenzangu mlioko ughaibuni mnaofanya kazi kama yangu, ili msipoteze miezi kama nilivyoipoteza mimi.

Uliza juu ya kitu kinachoonekana. Katika mtaa wa West View kuna nyumba 23 zilizobanana kwenye mteremko mkali, kila moja na rangi yake, na wenyeji huziita karata, kwa maelezo kwamba ya chini kabisa ikianguka zote zitaifuata. Nilimuuliza mzee mmoja kama ni kweli. Aliweka kikombe mezani, akanikazia macho kama hakimu, akasema kwamba ndiyo sababu mwenye nyumba ya chini husalimiwa kwa heshima na majirani wote. Kuanzia hapo alizungumza saa nzima. Watu wa huko wana utani mkali, kama wa Mzaramo na Mnyamwezi, na mgeni anayenuna akitaniwa hatasimuliwa lolote la maana. Kwa hiyo ukichokozwa, jibu.

Hata hivyo, chini ya utani huo kuna machungu. Baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, mamilioni ya watu waliihama nchi, na kati ya mwaka 1848 na 1950 takriban milioni 2.5 waliondokea katika bandari hii, ambayo wakati wa utawala wa Waingereza iliitwa Queenstown. Usiku wa kuamkia safari, ndugu na majirani walikesha na anayeondoka kama watu walio msibani, kwa muziki na kilio, na mkesha huo ukaitwa wa Amerika, kwa kuwa wengi hawakutarajia kuonana tena. Mzee akigusa habari hizo, nyamaza. Mimi niliwahi kuharakisha kusema "pole" pale mama mmoja aliponyamaza katikati ya kisa cha shangazi wa baba yake; akashukuru, akageukia dirisha, na sijawahi kuusikia mwisho wake.

Jambo jingine ni kutomsahihisha mzee mbele ya watu. Titanic ilitia nanga hapa tarehe 11 Aprili 1912, ikapakia abiria 123, na karibu kila familia ina babu aliyeikosa kwa dakika chache. Mzee wangu husema kwamba mababu hao wote wangewahi, meli ingezama palepale bandarini. Furahia kisa, kisha kapekue kumbukumbu ukiwa peke yako. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Annie Moore, msichana aliyeondoka Cobh na kuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji huko New York, tarehe 1 Januari 1892, alifia Texas. Mwaka 2006 ikagundulika kwamba yule wa Texas alikuwa mtu mwingine, mzaliwa wa Marekani, na kwamba Annie mwenyewe aliishi na kufa New York.

Pa kupekulia ni sensa za mwaka 1901 na 1911, ambazo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi imeziweka kwenye intaneti bila malipo. Humo nako kuna vichekesho. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa pensheni waliofikisha miaka 70, na kwa kuwa vizazi vyote vilianza kusajiliwa mwaka 1864 tu, wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ndani ya miaka 10 baadhi yao walizeeka kwa miaka 15 au zaidi. Nilimwonyesha mzee wangu kwenye simu kwamba mama wa babu yake alikuwa na miaka 57 katika sensa ya kwanza na 72 katika ya pili. Alicheka hadi akakohoa, akafuta miwani, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nisiiambie serikali.