Maiki ya kondensa ya bei nafuu: nichukue ipi?

SWALI: Habari zenu, mi naimba nyumbani na pia narekodi matangazo madogo madogo ya sauti. Nilinunua ile maiki ya BM-800 inayokuja na mkono wake wa kufunga mezani, nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu kwa ule waya iliyokuja nao. Sauti inatoka ndogo halafu kama niko bafuni, na kuna shhhhh haiishi hata nikinyamaza. Rafiki yangu mmoja anasema niitupe nichukue Audio-Technica AT2020, mwingine anasema nijikaze nifike Rode NT1-A. Hela yangu ni ya maiki moja tu, tena sio ya kifahari. Nichukue ipi?
Mwimbaji wa Chumbani

JIBU: Pole Mwimbaji, ila usitupe kitu kwanza, maana hata ukiichukua hiyo AT2020 leo ukaichomeka hapo hapo kwenye laptopu itakaa kimya kabisa na utarudi kutulaumu. Maiki ya kondensa ndani ina utando mwembamba sana uliokaa karibu na kibamba chenye matundu, na vyote viwili vina chaji ya umeme, sasa ukiimba utando unatikisika, ule umbali kati yao unabadilika na hapo ndo sauti inageuka umeme, lakini umeme wenyewe ni kidogo mno mpaka kuwe na saketi humo humo ya kuupa nguvu, na hiyo saketi nayo inataka kulishwa. Chakula chake ni volti 48 zinazopita kwenye kebo ile ile ya XLR (ile nene yenye pini tatu), wenyewe wanaita fantomu. Tundu la maiki la laptopu linatoa volti chache tu. BM-800 nyingi zina kapsuli (ule utando na kibamba chake) ya elektreti, yaani chaji yake iliwekwa tangu kiwandani, ndo maana yako inajikongoja na hizo volti chache badala ya kufa kabisa. Inatoa sauti ndogo, we unapandisha geni, yaani ukuzaji wa sauti, kwenye laptopu, na ile shhhh inapanda nayo.

Kwa hiyo mimi hela yako ya maiki moja ningeanza kununulia intafesi ya sauti, yaani kile kiboksi kinachokaa kati ya maiki na laptopu, ya tundu moja tu inatosha, ila iwe na kitufe kimeandikwa 48V. Focusrite Scarlett Solo inacho, Behringer UMC22 inacho. Ongeza kebo ya XLR pande zote mbili (ule waya wa tundu dogo uweke kabatini, usiutumie na fantomu), angalia karatasi ya BM-800 yako kama inakubali volti 48, nyingi zinakubali, halafu rekodi tena. Usishangae ukikuta ni maiki nyingine kabisa.

Bado hujaridhika? Haya sasa tuongee maiki. Watu wanasoma ukubwa wa kapsuli na rangi ya boksi, namba ya maana hawaiangalii, nayo ni noizi ya maiki yenyewe, ile inayobaki hata kukiwa kimya kabisa. Ikiwa ndogo ndo nzuri: AT2020 ni desibeli 20, AT2035 (nayo ya Audio-Technica) ni 12, NT1-A ni 5. Kama unaimba kwa kupaza sauti karibu na maiki, hiyo 20 hutaisikia kamwe, wimbo unaifunika. Ila kwa matangazo ya sauti ya chini, unayapandisha baadaye kwenye programu, hapo inaanza kujitokeza kwenye vituo vya kupumulia. Sasa we unafanya vyote viwili, kwa hiyo mi kura yangu ni AT2035, ina pia swichi ya kukata besi ya chini na nyingine ya kushusha desibeli 10 ukipiga kelele. NT1-A ni kimya sana kweli, ila sauti zake za juu, zile nyembamba, zinang'aa, kama "s" zako ni kali itakuchoma masikio, na halafu chumba chenye friji linalonguruma hakikuachii ufaidi hizo desibeli 5 hata kidogo.

Na ile ya "bafuni" hakuna maiki itakayokuondolea, hiyo ni kuta zako. Maiki hizi zote zinasikia mbele na kuziba nyuma, na mbele yake ni wewe pamoja na ukuta ulio nyuma ya kisogo chako, kwa hiyo blanketi nzito au godoro liweke NYUMA YAKO, watu wengi wanalitundika nyuma ya maiki halafu wanasema halisaidii. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, ukipunguza umbali nusu sauti yako inapanda kama desibeli 6 na ya chumba inabaki pale pale. Halafu hakikisha unaimbia ubavuni, upande wenye nembo, sio juu kama maiki ya jukwaani!

SWALI: Za USB je, si rahisi zaidi?
Mvivu wa Waya

JIBU: Ni rahisi, na kwa mtu anayerekodi peke yake zinatosha. Ubaya ni pale utakapotaka kuongeza maiki ya pili ya gitaa au mgeni, maana intafesi iko humo ndani na haiongezeki. Kama unajua utabaki peke yako chukua tu, mradi iwe na tundu la hedfoni ujisikilize bila sauti kuchelewa.

SWALI: Nyumba ina watoto, mbwa na pikipiki dirishani. Kondensa itanifaa?
Mama wa Podikasti

JIBU: Mama, hapana, itarekodi mpaka mbwa wa jirani. Tafuta dainamiki, aina nyingine ya maiki inayotumia koili ya waya na sumaku, kama Shure SM58 ambayo iko sokoni tangu 1966 na bado inauzwa, haitaki fantomu, na unaongea vidole viwili vitatu tu kutoka kwenye wavu wake kwa hiyo ya mbali yanabaki mbali. Inataka geni nyingi lakini, kwa hiyo kabla ya kununua intafesi angalia geni yake inafika desibeli ngapi, kuanzia 55 utakuwa salama.