Kuipa Pikapu Sauti Nzito Bila ya Kuifanya Kero

Mwenye pikapu anayetaka kubadilisha sauti ya ekzosi, kabla hajamwita fundi wa kuchomelea, na aamue kwanza ni sauti ipi anayoitaka. Wengi hapa Pemba husema wanataka sauti nzito, kisha fundi huwakatia sailensa na kuwaungia bomba tupu, wakatoka gereji na mlio mkali unaowaamsha watoto wa mtaa mzima. Uzito wa sauti na ukubwa wake ni mambo mawili mbalimbali, na ufundi wote wa ekzosi umo katika kuupata huo uzito huku ukubwa ukidhibitiwa.

Pikapu yangu ni Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, silinda nne, lita 2.4. Injini ya namna hii hutoa mapigo mawili ya moshi kila inapozunguka mara moja. Ikienda mizunguko 1,800 kwa dakika, bomba hupokea mapigo 60 kwa sekunde, na ikifika 3,000 hupokea 100. Mapigo hayo hufuatana kwa nafasi zilizo sawa, na hiyo ndiyo sababu silinda nne haziwezi kutoa ule muungurumo wa kupandana unaosikika katika V8 za Kimarekani, yaani injini za silinda nane zilizopangwa pande mbili, ambazo silinda za upande mmoja hazitoi moshi kwa nafasi sawa. Fundi akikuahidi mlio wa V8 kwa injini ya silinda nne, zuia pesa zako. Wenye dizeli nao wajue kwamba ule mlio wa kugonga wa injini zao hutoka zaidi kwenye injini yenyewe, na kwamba turbo, ile feni inayozungushwa na moshi, kama ipo, huwa imeshayavunja mapigo kabla hayajafika kwenye bomba, kwa hivyo faida ya kubadilisha ekzosi kwao ni ndogo.

Sauti huamuliwa zaidi na sailensa. Ziko zenye vyumba ndani, ambazo hurudisha mawimbi ya sauti nyuma ili yauane yenyewe kwa yenyewe, na ziko za pamba, ambazo ndani yake hupita bomba moja lililonyooka, lenye matundu madogo, lililozungushiwa pamba ya chuma au nyuzi za kioo. Hizi za pamba hunyonya sauti kali na kuziachia zile za chini, na ndizo ninazozipendekeza kwa anayetafuta uzito. Chagua yenye mwili mrefu kadiri chasisi inavyoruhusu, kwa sababu fupi hunyonya kidogo mno. Pamba huungua na kupeperuka kwa miaka, na siku utakaposikia mlio umeanza kuwa mkavu ndipo ya kubadilishwa.

Kuhusu bomba, inchi 2 hadi inchi 2 na robo zinaitosha injini ya ukubwa huu, na kuongeza upana zaidi ya hapo hakuleti uzito wowote wa maana. Usikubali kuwekewa bomba la maji lililopakwa zinki, ingawa ni rahisi kupatikana: zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomtia fundi homa na kumbana kifua. Kona nazo zikunjwe bila ya kubonyea. Fundi asiye na mashine nzuri hujaza mchanga ndani ya bomba, akaziba ncha zake, kisha akalipasha moto na kulikunja. Njia hiyo inafaa, lakini mchanga uwe mkavu kabisa, kwani wenye maji hufanya mvuke unaoweza kulipua vizibo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni mvumo. Barabara ya Chake Chake hadi Wete ina vilima vingi, na katika mizunguko 2,100 hivi, ambayo dereva huishikilia kwa muda mrefu, chumba chote cha dereva kilikuwa kikivuma hata mazungumzo yakawa taabu. Dawa yake ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linalochomelewa kwenye bomba kuu baada ya sailensa. Wimbi huingia humo, likagonga kizibo na kurudi likiwa kinyume na lile linalopita, na mvumo ukapungua. Urefu wa bomba hilo ni robo ya urefu wa wimbi la mvumo. Mizunguko 2,100 ni mapigo 70 kwa sekunde. Sauti ndani ya moshi wa moto husafiri kiasi cha mita 450 kwa sekunde. Gawa 450 kwa 70, kisha gawa kwa 4, utapata mita 1.6. Bomba hilo linaweza kukunjwa likafuata chasisi. Kwa kuwa joto la moshi hutofautiana, kizibo kishikizwe kwanza kwa klipu, gari ijaribiwe barabarani, na kichomelewe pale utakaporidhika. Baada ya kazi hiyo tuliweza kuzungumza bila ya kupaza sauti.

Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Katika safari fupi maji hayo hubaki ndani ya sailensa na kuila, na nje chumvi ya bahari inaila vilevile. Mwenye uwezo anunue sailensa ya chuma cha pua, kisichoshika kutu upesi. Asiye nao atoboe tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa.

Mdomo wa bomba lazima uvuke bodi ya nyuma. Kwetu watu hupanda nyuma ya pikapu pamoja na mizigo, na moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi inayoua, isiyo na harufu wala rangi. Hapa sikubali mjadala na mtu yeyote, hata akisema mdomo wa ubavuni unapendeza zaidi.

Siku ya kuchomelea, waya za betri zitolewe kwanza. Kazi ikimalizika, washa injini ikiwa bado baridi, ziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa muda mfupi, na usikilize kila kiungo; panaposikika mfyonyo pana tundu, na fundi alirekebishe kabla hujamlipa.