PTH imejaa, figo haisikii: kutambua na kuainisha usugu wa homoni ya parathiroidi

Mgonjwa anafika na degedege, au mikono inakakamaa na vidole vinajikusanya. Kalsiamu inapimwa, iko chini. Anapewa kalsiamu na vitamini D, anarudi nyumbani. Wenye usugu wa PTH (homoni ya parathiroidi), yaani upungufu bandia wa parathiroidi, hupotea hapohapo, kwa sababu kwenye fomu ya maabara hakuna aliyeweka alama kwenye fosfeti. Kalsiamu na fosfeti zote zikiwa chini, fikiria kwanza upungufu wa vitamini D, ule wa matege. Kalsiamu chini lakini fosfeti juu, zimebaki njia tatu: figo zimechoka, tezi za parathiroidi hazitoi homoni, au homoni ipo tele ila figo haiisikii. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, inaiondoa ya kwanza. PTH inatenganisha mbili zilizobaki.

Fosfeti isomwe kwa umri. Mtoto mchanga anaweza kuwa na 2.2 mmol/L akiwa mzima kabisa, ilhali kwa mtu mzima kinachozidi 1.5 kinadai maelezo. Karatasi ya majibu ikiwa na kiwango kimoja tu, cha watu wazima, usimpimie mtoto kwa kiwango hicho.

PTH, kalsiamu, fosfeti, magneziamu, kreatinini, albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) na 25-OH vitamini D (akiba ya vitamini D mwilini) zitoke kwenye mchomo mmoja, kabla kalsiamu haijaanza kuingia mwilini. PTH hubadilika ndani ya dakika kufuata kalsiamu, kwa hiyo kuoanisha PTH ya Ijumaa na kalsiamu ya Jumatatu ni kazi bure. Mgonjwa akiwa kwenye degedege, vuta damu wakati wa kuweka kanula, kisha tibu bila kusubiri majibu.

Hapo kwenye kuvuta damu ndipo makosa yanapozaliwa. PTH hudumu vizuri kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, lakini EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande iliyomo, hunasa kalsiamu. Ukianza na zambarau, kisha sindano au matone yake yakagusa chupa ya kemia, utaletewa kalsiamu 1.2, potasiamu 8 na alkalaini fosfatezi ya chini, huku mtoto mwenyewe anakimbia koridoni. Hiyo ni chupa, si ugonjwa. Chupa ya kemia ijazwe kwanza. Mwulize mgonjwa pia kuhusu biotini, vile vidonge vya nywele na kucha: kwenye baadhi ya mashine huishusha PTH kwenye karatasi tu, na mwenye usugu akaonekana kama asiye na homoni.

Kalsiamu ya jumla bila albumini ni nusu ya habari. Kwa kila gramu 1 kwa lita ya albumini iliyopungua chini ya 40, ongeza 0.02 mmol/L. Mtoto mwenye kwashiakoo, kalsiamu 1.9 na albumini 25, amepungukiwa gramu 15, ongeza 0.3 unapata 2.2. Hana tatizo la kalsiamu. Penye kipimo cha kalsiamu huru, tumia hicho na uachane na hesabu.

Kabla ya kutamka neno usugu, waondoe waigaji wawili. Upungufu mkali wa vitamini D unaweza kuja na fosfeti ya juu na kufanana kabisa na usugu. Mjazie vitamini D mpaka 25-OH ivuke 50 nmol/L, ndipo urudie vipimo. Wa pili ni magneziamu. Ikishuka sana, tezi inapunguza kutoa PTH na viungo vinakuwa viziwi kwa ile kidogo iliyopo. Kuhara kwa muda mrefu, pombe, au omeprazoli ya miaka mingi huifikisha huko, na kalsiamu utakayompa haitashika mpaka magneziamu irudi.

Sasa mwangalie mtu mwenyewe. Mwambie akunje ngumi. Pale ambapo fundo la kidole cha nne na cha tano lingeinuka, utaona kishimo, kwa sababu mifupa ya kiganja ni mifupi. Kwa mtoto mdogo mara nyingi bado haijaonekana, kwa hiyo ngumi nzuri ya mtoto wa miaka 2 haimwondoi mtu kwenye orodha. Pitisha vidole kwenye ngozi ukitafuta vipunje vigumu kama kokoto: ni mfupa uliojijenga chini ya ngozi. Unene ulioanza utotoni, uso wa mviringo, kimo kifupi na TSH (homoni inayoiamuru thairoidi) iliyopanda kidogo hukamilisha picha. Mtoto mwenye vipunje hivyo apimwe PTH na fosfeti kila miezi 6 hata kama kalsiamu ni nzuri. Usugu huu kwa kawaida hauonekani tangu kuzaliwa; PTH na fosfeti hupanda kwanza, kalsiamu hushuka baadaye.

Fuller Albright na wenzake ndio walioueleza usugu huu mwaka 1942, wakaufananisha na majogoo wa Sebright wenye manyoya ya tetea. Mfano haukuwa sahihi, kwani majogoo wale hawana usugu wa homoni, ila wazo lilikuwa sahihi.

Kuainisha kunategemea swali moja: kasoro imetoka kwa mzazi gani? Jeni ni GNAS, kromosomu ya 20, inayotengeneza Gs-alfa, protini inayopokea ujumbe wa PTH na kuwasha cAMP, mjumbe wa ndani ya seli. Kwenye mirija ya mwanzo ya figo, thairoidi na pituitari, nakala ya mama ndiyo inayofanya kazi zaidi. Ya baba imelala. Kasoro ikitoka kwa mama, unapata mwili wenye alama zile za mifupa, vipunje na unene, pamoja na usugu wa homoni: aina ya 1A. Ikitoka kwa baba, alama zipo lakini kalsiamu, fosfeti na PTH ni za kawaida. Hii ndiyo bandia ya bandia: mwili unafanana na wa upungufu bandia, usugu haupo. Kaka na dada wa ukoo mmoja wanaweza kubeba kasoro ileile, watoto wa dada wakaugua usugu, wa kaka wasiugue. Aina ya 1B jeni ni nzima, ila alama za methili, vibandiko vya kemikali kwenye DNA vinavyoiongoza, zimefutika; usugu upo, mwili mara nyingi hauna alama.

Mwaka 2016 mtandao wa wataalamu wa Ulaya ulipendekeza jina la iPPSD, yaani magonjwa ya kuzimika kwa ujumbe wa PTH, lenye namba: 2 kwa mabadiliko ya GNAS yenyewe, 3 kwa methili, 1 kwa kipokezi cha PTH, 4 hadi 6 kwa jeni za PRKAR1A, PDE4D na PDE3A. Ni bora kuliko majina ya zamani, kwa kuwa 1A na 1B huingiliana mno kitandani kwa mgonjwa. Mwenye alama za mwili, anza kusoma GNAS yote na kutafuta vipande vilivyokatika. Asiye nazo, anza na methili. Ikiwa imepotea kwenye eneo la GNAS liitwalo A/B pekee, tafuta kipande kilichokatika kwenye STX16, jeni jirani, ambacho hurithiwa kutoka kwa mama kwa nafasi ya 50%. Ikiwa imevurugika kote, angalia kama kromosomu 20 zote mbili zimetoka kwa baba.

Matibabu ni kalsitrioli au alfakalsidoli pamoja na kalsiamu. Vitamini D ya kawaida peke yake haitoshi, maana figo haiigeuzi kuwa hai. Usilenge tu kalsiamu. Mifupa bado inaisikia PTH, na ikiachwa juu miaka mingi inaila. Ishushe hadi ukomo wa juu wa kawaida au juu yake kidogo. Aliyekuwa akitibiwa kifafa kwa fenitoini au fenobarbitoni, dawa hizo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D, lakini zisikatwe ghafla. Kalsiamu itulie kwanza, kisha dozi ishushwe taratibu huku vipimo vikirudiwa.