Hata asiyesoma sanaa anaonyeshwa

Kaka, umeuliza kama fundi asiyepitia Makerere anaweza kuwekwa makumbusho. Mbona anaweza! Kule Baltimore, Marekani, kuna American Visionary Art Museum, yamefunguliwa 1995 kwa ajili ya waliojifundisha wenyewe. Humo mna mfano wa meli Lusitania uliounganishwa kwa vijiti vya meno (subira ya wapi hiyo?). Tena hawajifungii ndani: kila mwaka huandaa mbio za masanamu yanayoendeshwa kwa pedali, yanapita lami, matope, hadi majini, mtaa mzima ukishangilia. Hapa kwetu Uganda ningeanza kuonyesha kazi ya wagonga lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti. Gome la mti wa mutuba linabanduliwa, linapigwa kwa nyundo ya mbao yenye mifuo mpaka linalainika kama kitambaa. UNESCO iliitambua kazi hiyo 2005, na hufundishwa nyumbani, baba kwa mwana.