Betri mpya, tatizo lilelile: majibu kuhusu gari linalonyonya umeme usiku

Barua nilizopata mwezi huu zinalia kilio kimoja. Gari limezimwa jioni likiwa zima, asubuhi ufunguo ukizungushwa stata inatoa "tik" basi. Karibu wote walioandika walikwisha kununua betri nyingine kabla ya kupima chochote. Hilo linaniuma, kwa sababu betri si fedha ya kuokota, na betri mpya ikifungwa kwenye gari linalonyonya umeme nayo itakufa.

Fundi, habari za kazi. Nina Corolla ya 1998. Nikiegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki. Betri ina miezi miwili tu. Nianzie wapi? (Nzuguni)

Njema, ndugu yangu. Anza kwa kujua mwizi ni nani, betri au gari. Chaji betri ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha pima kwa mita ya umeme. Iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Fungua waya wa hasi, uache hivyohivyo hadi Jumatatu. Ukikuta 12.5, betri haina kosa. Ukikuta imeshuka hadi 12.2 na haikuunganishwa na kitu, imeoza ndani. Chukua risiti urudi dukani. Pima pia injini ikiwa inanguruma: usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.4. Ukiwa chini ya hapo, alteneta (kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) haichaji vizuri, na hapo unakuwa unamtafuta mwizi ambaye hayupo.

Betri ikiwa safi, sasa pima umeme unaotoka gari likiwa limelala. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti. Milango yote ifungwe. Kama itabidi mmoja ubaki wazi, bana kile kitufe chake kwenye nguzo kwa gundi ya karatasi ili taa ya ndani isiwake. Kwenye mita, waya mwekundu uhamishie tundu la ampea 10 na kiteuzi kiwe kwenye ampea za mkondo wa moja kwa moja (DC). Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha hasi cha betri, nyingine iguse waya ulioutoa, umeme wote upitie ndani ya mita.

Subiri. Wengi hukosea hapa, wanasoma ampea mbili sekunde ya kwanza wanapiga kelele. Vifaa vya gari huamka waya unapoguswa, kisha hulala tena. Gari la umri wa lako hutulia ndani ya dakika chache, lakini mimi huacha nusu saa. Likishatulia, usomaji uwe chini ya ampea 0.05, yaani miliampea 50. Hiyo ni saa na kumbukumbu ya redio. Ukisoma 0.4, piga hesabu mwenyewe: Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, mara 0.4 ni ampea-saa 24. Betri yako ya ampea-saa 45 imepoteza zaidi ya nusu, na stata haitazunguka.

Tafadhali usizungushe ufunguo mita ikiwa kati. Stata hula zaidi ya ampea 100. Nilifanya kosa hilo nilipokuwa najifunza kazi: fyuzi ya ndani ya mita ikaungua, mita ikawa inasoma sifuri, nikamrudishia mwenye gari nikimwambia limepona. Kesho yake akarudi akisukumwa na vijana wanne. Tangu siku hiyo mita ikisoma sifuri kamili huwa siiamini, maana gari lenye saa na redio halisomi sifuri kamili.

Baada ya hapo chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akitazama mita. Usomaji ukishuka ghafla, umeipata saketi. Magari yetu mengi yametoka Japani na mfuniko wa sanduku la fyuzi umeandikwa Kijapani, lakini majina mafupi ya herufi za kawaida mara nyingi yapo. Kwenye Toyota za umri huo fyuzi iliyoandikwa DOME ndiyo ninayoigusa kwanza, kwa kuwa taa ya ndani na kumbukumbu ya redio mara nyingi zinategemea hiyo. Na kabla ya yote, weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, kisha itazame. Taa ya buti isiyozima haionekani kwa njia nyingine. Usiku pia zunguka nyuma utazame taa za breki; kile kipande kidogo cha plastiki juu ya pedeli huchakaa kikapukutika, swichi ikabaki imewashwa.

Huku kwetu sina mita wala jirani mwenye nayo. Kuna njia ya kienyeji? (Mpwapwa)

Ipo, na ni salama kuliko kutekenya nyaya kwa bisibisi. Chukua balbu ndogo ya gari ya wati 5 pamoja na soketi yake, uunge waya kila upande. Iweke kati ya kichwa cha hasi na waya wa hasi, mahali ambapo mita ingekaa. Ikibaki inawaka baada ya nusu saa, hata kwa wekundu hafifu, kuna kitu kinanyonya. Chomoa fyuzi hadi izime. Haitakupa namba, na wizi mdogo haitauonyesha.

Gari langu lilibadilishwa redio mwaka jana. Fundi alichomoa fyuzi zote, usomaji haukubadilika. Sasa anasema tubadilishe nyaya zote. Nimkubalie? (Ipagala)

Hapana, dada yangu, usimkubalie bado. Fyuzi zote zikitoka na umeme ukaendelea kuvuja, maana yake njia ya uvujaji haipiti kwenye sanduku la fyuzi. Njia hizo ni chache, na zote huanzia kwenye betri.

Ya kwanza ni alteneta. Ndani yake kuna daiodi, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikiharibika, umeme hurudi usiku kucha. Gusa alteneta asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa ya uvuguvugu wakati injini ni baridi kama jiwe, umepata jibu. Kwa uhakika, fundi atoe waya wa hasi wa betri kwanza, afungue ule waya mnene wa alteneta, auzungushie gundi ya umeme usiguse bodi, apime upya. Usomaji ukianguka, alteneta inatengenezwa daiodi na nyaya zako hazina kosa.

Ya pili ni vitu vilivyofungwa baadaye vikachukua umeme moja kwa moja kwenye betri: alamu, amplifaya ya muziki, kifaa cha kufuatilia gari kwa satelaiti. Fuata kila waya mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha chanya. Kama hakuna anayeweza kukueleza unakwenda wapi, huo ndio wa kuanza nao.

Umeandika pia kwamba redio ilibadilishwa mwaka jana. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko lolote. Redio za dukani huja na waya wa njano na mwekundu. Wa njano unapaswa kupata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, mwekundu upate pale tu ufunguo unapowashwa. Mfungaji mwenye haraka huviringisha zote mbili pamoja, redio inaimba, analipwa, anaondoka. Lakini redio hiyo hailali kamwe. Kioo kimezima ila ndani imeamka. Na kama aliuchukua umeme huo moja kwa moja kwenye betri, kuchomoa fyuzi hakutaonyesha chochote. Mwambie fundi achomoe soketi ya nyuma ya redio na apime. Ni kazi ya dakika kumi.

Juu ya betri yangu kuna unga mweupe na vumbi zito lenye unyevunyevu. Inaweza kuwa ndiyo sababu? (Kongwa)

Inaweza, mwalimu. Vumbi letu peke yake likiwa kavu halina shida sana. Likichanganyika na mvuke wa asidi unaotoka kwenye matundu ya betri, linakuwa njia ya umeme kutoka chanya kwenda hasi. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu uitembeze juu ya plastiki ya betri bila kugusa chanya. Ukisoma nusu volti au zaidi juu ya plastiki, umeme unatembea pale. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Hakikisha vifuniko vya maji vimebana, safisha kwa brashi na maji ya uvuguvugu yenye magadi hadi povu liishe, suuza, kausha. Magadi yasiingie ndani ya betri hata tone. Kinga macho.

Mimi ni mzee, nina pikapu ya dizeli ya zamani. Kila jioni nafungua kichwa cha betri kwa spana. Naliharibu gari? (Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, gari huliharibu, ila kile kibano cha risasi kitalegea na siku moja kitakuacha njiani. Funga swichi ya kukatia umeme kwenye waya wa hasi. Upande wa hasi nausisitiza, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya inatoa cheche kubwa, na betri hutoa gesi inayowaka. Hiyo swichi itakupa usingizi, lakini mwizi bado yumo ndani ya gari. Siku ukipata nafasi, lipimwe.

Nafanya kazi Mtumba. Siku hizi nikienda Dar napanda treni ya SGR, gari linabaki nyumbani wiki mbili. Nikirudi limekufa, ila nikiwa nalitumia kila siku halina tatizo. Kuna uvujaji? (Dodoma mjini)

Huenda hakuna. Gari lenye afya likinyonya ampea 0.03 linakula ampea-saa 10 hivi kwa siku 14, na betri nzima ya 45 inavumilia hilo. Lakini ongeza kifaa cha kufuatilia gari chenye kula ampea 0.05, jumla inapita 26, na hapo haliwaki. Joto nalo huzeesha betri haraka, hivyo ya miaka mitatu au minne inayoegeshwa juani haina tena zile 45 zilizoandikwa ubavuni.

Pima kwanza kama nilivyomweleza wa Nzuguni. Ukisoma chini ya 0.05, usinunue kitu. Fungua waya wa hasi siku unayosafiri na uandike namba ya siri ya redio kama inayo. Ukisoma 0.08 au 0.1, chomoa kifaa cha kufuatilia uone kama namba inashuka, na umuulize aliyekifunga kama kina hali ya kulala. Betri iliyokwisha kufa kabisa mara tatu au nne, ichajiwe polepole kwa chaja usiku kucha kabla ya kuihukumu. Mwendo wa Mtumba hadi mjini hautoshi kuijaza.