Muulize Fundi: Karatasi ya Shilingi 5,400

*Fundi, hujambo? Nina hoteli ndogo ya samaki hapa Dunga, Kisumu, karibu kabisa na ufuo. Wiki iliyopita nilienda mjini kununua TV ya inchi 43 ili wateja watazame mechi za Gor Mahia huku wakila. Bei ni shilingi 36,000. Nilipokuwa natoa pesa, kijana wa kaunta akaniambia niongeze 5,400 nipate waranti ya miaka miwili zaidi, juu ya ule mwaka mmoja wa kampuni. Niliposita akasema bila hiyo karatasi, TV ikiharibika nisiwarudie. Nimelipa nusu, nimeomba siku chache nifikirie. Nilipe hizo 5,400 ama niache? — Mama Samaki, Dunga*

Mama, acha. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu karatasi hiyo naijua kwa ndani. Kabla sijaweka meza yangu ya ufundi Kibuye, nilisimama miaka sita nyuma ya kaunta ya duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini, na maneno uliyoambiwa ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu. Kila waranti ya ziada niliyouza ilinipa kamisheni. TV yenyewe haikunipa kitu. Ndiyo maana kijana alikuacha uchague TV kwa raha zako, kisha akakukazania kwenye karatasi.

Kuna mzee wa Nyakach niliyemwuzia karatasi kama hiyo. Alihesabu pesa polepole, noti kwa noti, akitaka kuwa na uhakika TV yake itakaa. Mvua za masika zilipokuja, radi ilipiga karibu na boma lake na TV ikazima moja kwa moja. Alikuja nayo kwa boda, imefungwa blanketi, na karatasi ya waranti ameitoa ndani ya Biblia, haina hata kunyanzi. Tukaisoma pamoja. Ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo: radi, umeme kupanda na kushuka, maji, wadudu, kuanguka, vyote havihusiki. Mzee hakugomba. Aliniuliza tu, "Nyathina (mwanangu), sasa hii ilikuwa ya nini?" Nilikosa la kumjibu. Mwaka uliofuata niliacha kazi ile, na swali lake sijalisahau hadi leo.

Mama, swali la kwanza lisiwe waranti ni ya miaka mingapi. Jiulize ni nini huua TV hapa kwetu. Nikikumbuka TV zinazoletwa mezani kwangu, nyingi zimeuliwa na umeme. Stima inapotea, inakaa saa nzima, halafu inarudi kwa kishindo kuliko zile volti 240 tunazotarajia, na bodi ya pawa inaungua. Radi nayo tunaijua: mchana mawingu yanakusanyika upande wa vilima vya Nandi, jioni yanatushukia. Wengine ni wadudu. Wewe uko ufuoni, kwa hiyo wale vijidudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufuata mwanga unawafahamu kuliko mimi. Wanaingia kwenye matundu ya hewa nyuma ya TV, wanafia humo, wanavuta unyevu, na bodi inaanza kuliwa. Mjusi naye akipita juu ya saketi ananyooshwa pamoja na TV yako. Ongeza moshi wa jiko na mvuke wa mafuta ya kukaangia. Sasa chukua karatasi yao usome orodha ya mambo yasiyohusika, uone kama hukuti mambo hayo hayo.

Na lipo lingine ambalo kijana hakukwambia, labda hata yeye halijui. Waranti nyingi za TV ni za matumizi ya nyumbani. TV ikiwekwa hotelini, baa au kinyozi, wanaweza kusema imetumika kibiashara na mkataba umevunjika, hata ndani ya ule mwaka wa kwanza wa kampuni. Ukirudi dukani waambie wazi kwamba ni ya hoteli, na uombe waandike kwenye risiti kwamba waranti ya mwaka mmoja inasimama hata hivyo. Wakikataa kuandika, tafuta duka lingine au TV nyingine. Usiwafiche; siku ya kuharibika watauliza, na grisi ya samaki ndani ya matundu itawajibu.

Kuhusu "usiturudie": hilo si kweli, na limenikasirisha. Ule mwaka wa kampuni umo ndani ya bei unayolipa, si zawadi ya duka. Tena Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Yale maneno yaliyopigwa chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayafuti haki hizo TV inapokuwa na kasoro ya kiwandani. Wakikuzungusha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Lakini haki bila risiti ni kelele. Risiti nyingi za siku hizi ni za karatasi inayochapwa kwa joto, na joto hilo hilo huharibu maandishi yake. Ukiiweka hotelini karibu na jiko, miezi sita baadaye unashika karatasi isiyosomeka. Ipige picha siku hiyo hiyo, itoe na kopi, na ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Kuna jambo ambalo mafundi tunalijua na wauzaji hawapendi kulisema. Kifaa cha umeme hufa kikiwa kichanga au kikiwa kizee. Kama kiungo kilichomelewa vibaya kiwandani au kapasita ilikuwa dhaifu, utaiona wiki za kwanza, miezi ya kwanza. Kikivuka hapo kinatulia miaka kadhaa. Uzee ukija, taa za nyuma ya skrini zinaanza kuungua, kapasita zinavimba. Waranti ya kampuni inakulinda utotoni. Hii ya ziada inaanza mwaka wa pili na kuisha wa tatu, wakati kifaa kimetulia. Wanaoiuza wanalijua hilo vizuri, na bei wameipanga wakilijua.

Halafu uliza: duka likifungwa, nani atanilipa? Nakumatt ilizaliwa Nakuru, ikiuza magodoro, ikakua ikawa duka ambalo hakuna aliyefikiri litaanguka. Hapa Kisumu tuliingia humo kama tunaingia nyumbani. Leo haipo. Ahadi ya duka huishi kadiri duka linavyoishi, isipokuwa kama nyuma yake kuna kampuni ya bima iliyotajwa kwa jina kwenye mkataba. Uliza pia inatengenezewa wapi. Ikiwa ni Nairobi, hizo ni kilomita zaidi ya 300, na wateja wako watatazama ukuta wakati TV iko njiani.

Kule Uingereza malalamiko yalizidi hadi serikali ikatoa agizo mwaka 2005: duka lionyeshe bei ya waranti ya ziada kando ya bei ya kifaa, na mnunuzi awe na siku 45 za kughairi na kurudishiwa pesa zake zote. Sisi tunaharakishwa kwenye kaunta, foleni ikiwa nyuma yetu. Kwa hiyo ulivyoomba siku chache, Mama, ulifanya jambo la busara, na muuzaji yeyote atakayekwambia ofa inaisha leo, mwache na ofa yake.

Hizo 5,400 nitakwambia pa kuzipeleka. Nunua kwanza kile kifaa kidogo cha kulinda umeme, gadi, unachochomeka kati ya soketi na TV. Kinakata umeme ukizidi au ukipungua, na stima ikirudi kinasubiri kidogo kabla ya kuupitisha, ili kile kishindo cha kwanza kipite. Nunua cha maana, si adapta ya shilingi 200 yenye taa nyekundu. Hakitazuia radi. Ukiona mawingu yameshuka, chomoa plagi na uchomoe waya wa antena pia, maana wengi huchomoa plagi tu na radi inaingilia kwenye antena. Mwite fundi wa umeme aangalie kama soketi zako zina waya wa ardhini uliofungwa kweli; ufuoni nimekuta nyingi ambazo tundu lipo na waya haupo.

TV iweke mbali na karai la mafuta, juu, ukuta usio na jua. Jioni vijidudu vikiwa vingi, izime kwa nusu saa na uwashe taa ya nje viende huko. Na jambo moja lisilogharimu kitu: ingia kwenye mipangilio ya picha, mwanga wa nyuma uliowekwa 100 uushushe hadi 60 hivi. TV hutoka dukani ikiwa imewashwa kwa nguvu zote ili ing'ae kuliko jirani yake. Hotelini kwako, ikiwaka kutwa nzima, hizo taa zitaungua mapema. Kubadilisha taa za inchi 43 kwangu ni kama 4,000. Kwa hiyo kinachobaki baada ya gadi kiweke M-Shwari, kwenye akiba ya kufungwa, na uongeze mia mbili kila mwezi. TV isipoharibika pesa ni zako bado. Karatasi ya duka haikurudishii kitu.

Kabla hujaibeba, iwashe hapo dukani. Kaa nayo nusu saa, weka picha nyeupe tupu uangalie madoa, jaribu kila tundu la HDMI na la USB.

*Fundi, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Nataka kununua laptop ya ex-UK ya 24,000. Wanatoa waranti ya miezi sita, na nikiongeza 3,000 wanafanya mwaka mmoja na nusu. Ni laptop ambayo imeshatumika, si afadhali nijilinde? — Kijana wa Lurambi*

Kijana wangu, hofu yako ina msingi, lakini soma neno betri kwenye karatasi hiyo. Karibu kila mara betri na chaja hazimo, na kwenye laptop ya mitumba betri ndiyo itakayokusumbua kwanza. Betri za lithiamu kwa kawaida hushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na hujui mwenye nayo wa kwanza aliichaji mara ngapi.

Unaweza kujua ukiwa dukani. Kama ina Windows, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ripoti ilipowekwa. Humo tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipoundwa, na uwezo wake inapojaa sasa. Ya pili ikiwa imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, waambie wabadilishe betri kabla hujatoa shilingi. Wauzaji wa mitumba hukubali kabla ya kulipwa. Baada ya kulipwa ni hadithi nyingine. Hizo 3,000 zikae, utazihitaji kwa betri au SSD, ile diski ya kuhifadhia kazi zako.

*Mimi ni mtu wa boda, napeleka vyakula na vifurushi hapa Nakuru, Section 58 hadi Lanet. Simu iko kwenye usukani siku nzima. Mwaka jana nimevunja skrini mbili, kila moja 6,500. Sasa nimenunua simu mpya, duka linasema nilipe 1,800, nikivunja skrini ndani ya mwaka wanabadilisha mara moja tu, hapa hapa mjini. Ni ukora? — Rider, Nakuru*

Ndugu yangu, wewe lipa. Najua nimetoka kumwambia Mama wa Dunga aache, lakini tazama tofauti: mpango wako unalipia jambo lile lile linalokupata, linakupata mara nyingi, na matengenezo yako hapo mjini. Simu ni kazi yako. Siku bila simu ni siku bila chakula nyumbani.

Ila wakuandikie mambo matatu. Kwamba kuanguka kutoka kwa pikipiki hakujatengwa. Kwamba utaongeza kiasi gani skrini ikivunjika, maana wengine huongeza ada. Na kwamba skrini watakayoweka ni ya kampuni, si ya kuiga. Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zilingane na zilizo kwenye karatasi. Zikikosana tarakimu moja watakukatalia.

Chunga kamera pia. Mwaka 2021 Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu kamera za iPhone, zile zenye kifaa cha kutuliza picha. Simu zingine zina kifaa cha aina hiyo. Tafuta kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au weka simu mfukoni na usikilize maelekezo kwa earphone sikio moja, la pili liwe wazi kwa matatu zilizo nyuma yako.